Shore na Wimbo wa Mamaye

Jamani, nina mzigo.
— Utue.
Niutue wapi?
— Hapa katikati yetu.
Basi sogeeni, ni ngano.
— Ngano na ije, tuko macho.

Hapo kale, ndege walipokuwa na miji yao na ngoma zao, alikuwepo Shore, kindege mchanga mwenye kichwa cheusi. Nyoka alimmeza mama yake kiotani. Shore akalia, akalia, akalia, hata kilio kikawa wimbo:

Mama, kiota kimepoa,
asubuhi haina wa kuniita.
Niitikie, mama, niitikie.

Hondohondo, mwenye ngoma kubwa, akapita akausikia. Akatua tawini.

"Mwanangu, wimbo huu ukibaki hapa utakufa. Nipe niuimbe ngomani. Kila nikiuimba nitakutaja, na kesho nawe utasimama kiwanjani."

"Na mama utamtaja, baba?"

"Na mama nitamtaja."

Shore akamfundisha neno kwa neno.

Ikaja harusi ya Njiwa. Hondohondo akaimba, ndege wakalia. Wakauliza, "Nani katunga?" Akajibu, "Mimi." Shore akamfuata. "Baba, mbona hukunitaja?"

"Bado mchanga, mwanangu. Subira huvuta heri."

Yakaja mavuno ya Mnana. Akaimba, wakalia. "Nani katunga?" "Mimi." Shore akamfuata. "Baba, mbona hukunitaja?"

"Bado mchanga, mwanangu. Subira huvuta heri."

Ikaja karamu ya mfalme Tai. Akaimba, mfalme mwenyewe akafuta machozi. "Nani katunga?" "Mimi." Akavikwa kilemba, akaitwa Manju, mkuu wa waimbaji wote. Siku hiyo Shore alipomfuata, walinzi walimzuia mlangoni.

Mwaka ukapinduka. Ukoo wa Shore ukakusanyika kumkumbuka marehemu. Shore akasimama, akaanza: "Mama, kiota kimepoa..."

Shangazi yake akamshika bawa. "Nyamaza, mwanangu. Huo ni wimbo wa Manju. Watasema tunaiba hata msibani."

"Shangazi, nimeutunga mimi. Nilikuwa namlilia mama."

"Manju alipata kukutaja, hata siku moja?"

Shore akainamisha kichwa. "Hakupata."

"Basi kaa."

Akakaa. Wakaimba nyimbo nyingine, yeye kafumba mdomo. Mama yake akakumbukwa pasipo wimbo wake.

Haukupita muda, mfalme akataka wimbo mpya. Hondohondo akaja mbio kwa Shore.

"Mwanangu, tunga mwingine. Safari hii nitakutaja, haki ya Mungu."

"Nimlilie nani tena, baba? Mama nilikuwa naye mmoja."

Hondohondo akarudi mikono mitupu. Akajaribu kutunga, akakoroma tu, ndege wakaondoka mmoja mmoja. Kilemba akavuliwa. Lakini wimbo haukumrudia Shore. Hadi leo ndege wakizika huuimba, na husema, "Tuimbe ule wa Hondohondo." Shore akiusikia hugeuza mabawa, akaruka kwenda mahali usipoimbwa.

Ngano yangu imeishia hapo. Enyi mnaoanza kutunga, msimkabidhi mtu wimbo kwa ahadi isiyo na shahidi. Nanyi wakubwa, kumnyima mtu jina lake ni kumfiwisha mara ya pili.

Mkiisimulia kwenu, semeni mmeipata kwangu. Mimi nimeipata kwa bibi yangu, Mwanamvua binti Shehe, naye aliipata kwa mama yake. Atakayesema kaitunga yeye, wali wake na uungue.
— Na uungue!