Pilipili Manga za Bi Siwema

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, zamani za mvua hizi zilizopita, palikuwa na mama mmoja wa Mtwara aliyeitwa Bi Siwema. Alikuwa na binti mmoja tu, Zuhura, aliyeolewa Kigoma. Na Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza.

Sasa kwao, mimba ya kwanza ni ya mama mzaa binti. Yeye ndiye huenda kumlea mzazi siku arobaini: kumkanda maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumpakata mjukuu. Siku ya arobaini mtoto hunyolewa, na mlezi hutunzwa doti ya kanga mbele za watu. Bi Siwema alikuwa ameingoja siku hiyo tangu Zuhura hajaota meno.

Lakini mgongo wake ulikuwa mbovu. Daktari alishamwambia, "Mama, basi la siku mbili utashuka umebebwa." Basi mkwewe akajinyima, akamkatia tiketi ya ndege, shirika linaitwa Korongo. Bi Siwema hajapata kupanda ndege maisha yake yote. Akafunga kifurushi cha viungo, akavaa viatu vya Idi, akaenda.

Wasindikizaji wake walikuwa wawili. Wa kwanza, wifi yake Bi Asumini, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye ulimi mkali na miguu mepesi. Wa pili, kaka yake Mzee Chande, karani mstaafu wa mahakama, mtu wa daftari. Mzee Chande huandika kila kitu. Ana kopo la kupimia mvua kwenye mikorosho yake, na kila siku huandika imenyesha kiasi gani, hata kama haikunyesha.

Ndani ya uwanja wa ndege, Bi Siwema akapewa kile kipande cha karatasi ngumu chenye jina lake na namba ya kiti. Askari akakitazama, akakigonga muhuri. Kisha akachungulia kifurushi. "Mama, mfuko wa nailoni marufuku." Akauchukua. Pilipili manga zikabaki kiganjani mwa Bi Siwema, na nyingine zikawa zinabingirika sakafuni.

Angefanya nini? Alifanya kama wafanyavyo wauza viungo wote wa kwao. Alichukua karatasi iliyokuwa karibu, akaikunja umbo la pembe, akazimimina pilipili, akafinya mdomo. Karatasi yenyewe ndiyo kile kipande. Yeye alidhani kimekwisha kazi, si kimeshagongwa muhuri!

Akakaa kungoja. Ndege ya saa tatu ikawa ya saa tano. Ya saa tano ikawa ya saa nane. Saa nane ikatoka sauti: safari imefutwa kwa sababu ya mvua. Bi Siwema akatazama dirishani. Jua lilikuwa linaunguza lami.

Akatoka nje analia. Wasindikizaji wake walikuwa wangali pale pale, maana kwao msindikizaji haondoki mpaka ndege ipotee machoni. Na kabla hajamaliza kulia simu ikaita. Zuhura ameshikwa na uchungu, wiki nzima kabla ya siku zake.

"Mtoto wangu atazaa hana mtu!" akasema Bi Siwema.

"Ana shangazi yake," akasema Bi Asumini. "Lete hicho kifurushi."

Akakipokea, akaenda moja kwa moja stendi ya mabasi. Hakupita kwake kufunga mlango, hakubadili hata kanga. Siku mbili njiani. Alipofika, Zuhura alikuwa ameshajifungua salama, mtoto wa kiume, na hakuna hata mtu wa kumkanda. Bi Asumini akafunga kanga kiunoni, akabandika maji. Hilo litieni kibindoni.

Mtoto akaitwa Chande, jina la mjomba wa mama yake. Mzee Chande alipoambiwa kwenye simu kuwa amepata somo, aliliandika jina kwenye daftari. Akaliandika kwa herufi kubwa, maana macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Alikuwa anangoja kupasuliwa, na daktari hakumwahidi kitu.

Bi Siwema akarudi kwa watu wa Korongo. "Nipeni safari yangu." Wakamwambia, "Mvua si kosa letu, mama. Nauli hairudi, safari haipo." Akaenda tena, wakamwambia vile vile. Akarudi nyumbani, akakaa mkekani, akawa kila siku anahesabu: mjukuu ana siku tano, mjukuu ana siku tisa. Mzee Chande akamkuta hivyo, akakasirika.

"Mdogo wangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ninalo mimi."

Akalifungua. Tarehe ile: mvua, hakuna hata tone. Na chini yake, kwa mkono wake: *Saa nane na robo. Ndege ya Korongo imeruka na timu ya mpira.* Alikuwa ameandika akiwa pale nje, kwa mazoea tu! Kumbe ndege ilikuwepo, ila walipewa wengine. Mzee Chande akaandika barua. Wakamjibu kwa mkato. Akaandika nyingine. Akaenda ofisini kwao mara tano kwa miguu, fimbo mkononi, akipapasa kingo za barabara. Mara ya tano dada wa ofisini, Devotha, akamwambia, "Mzee, umetushinda. Ila lazima tukione kile kipande cha kupandia ndege, chenyewe, si picha. Na kifike ndani ya siku thelathini tangu safari ifutwe." Hilo nalo litieni kibindoni.

Kipande! Bi Siwema akapekua mkoba, akapekua godoro, akapekua hata gunia la mchele. Hakukumbuka alikiweka wapi. Alikuwa amekata tamaa kabisa.

Huko Kigoma, siku ya ishirini na sita, Bi Asumini akaikunjua ile pembe ya karatasi, amalizie pilipili manga kwenye uji wa mzazi. Akamimina. Akataka kuitupa karatasi jikoni. Akaona jina: SIWEMA.

"Wifi," akasema kwenye simu, "wewe umefungia pilipili haki yako."

Bi Siwema akacheka na kulia kwa pamoja. Akamwomba ampe kondakta wa basi aje nayo. Bi Asumini akakataa katakata. "Karatasi hii nikimpa kondakta, kesho amefungia karanga." Akamwachia jirani mzazi, akapanda basi mwenyewe, siku mbili tena, karatasi ameifunga kwenye pindo la kanga. Basi lake lilikuwa la mwisho kuvuka. Siku ya pili yake mvua ya kweli ikanyesha, daraja likachukuliwa na maji, na barabara ikafungwa. Hilo nalo, kibindoni.

Kipande kikapokelewa siku ya ishirini na nane, kinanuka pilipili. Devotha alipiga chafya mara tatu ndipo akagonga muhuri. Siku tisa baadaye wakaitwa ofisini, wote watatu. Wakaketi benchini wamebanana.

Devotha akawatazama, akacheka. "Mbona mmekaa kama msibani? Shirika limekubali kosa. Fidia imetoka: tiketi moja, kwenda na kurudi, mpaka Kigoma. Ndege inaondoka kesho."

Alhamdulillahi! Bi Siwema alihisi mgongo wote umelegea, kana kwamba mtu amemtua ndoo kichwani. Akamkumbatia wifi yake, akamkumbatia kaka yake, akataka kumkumbatia na Devotha, meza ikamzuia. Mjukuu alikuwa na siku thelathini na saba. Atawahi arobaini!

"Jina la msafiri kwenye fomu tumeliacha wazi," akasema Devotha. "Mdai atalijaza mwenyewe. Ila jina moja tu, na nafunga saa kumi."

Bi Siwema akashika kalamu. Akainua macho, akaona wifi yake anaitazama ile fomu, na kaka yake ameinamisha uso kuielekea, ingawa hawezi kuisoma.

"Semeni," akasema. "Kama mna neno, semeni."

Bi Asumini hakungoja kuombwa mara mbili. "Wifi, mimi nimemkanda Zuhura siku ishirini na tatu. Nimemwogesha mtoto, anaujua mkono wangu. Kazi nikaiacha katikati kwa ajili yako, nikuletee karatasi. Na kwetu mkono ulioanza kukanda ndio unaomaliza, huo ndio unaotunzwa kanga. Barabara imefungwa. Nisipokwenda kesho, nitaitwa mlezi aliyekimbia mzazi. Bila mimi, karatasi ingekuwa majivu."

"Kweli," akasema Bi Siwema.

Mzee Chande akakohoa, akaongea kwa upole kama mtu aliye kizimbani. "Mimi sina mkono wa kukanda. Nilikuwa na macho tu, nayo ndiyo yaliyoiona ndege ikiruka. Sasa yanakwenda. Mwezi ujao napasuliwa, sijui nitaamka naona au la. Nina somo yangu mmoja duniani, mdogo wangu. Sijapata kupewa somo. Nataka nimwone uso, nimwandike kwenye daftari anafanana na nani. Bila mimi, mpaka leo wangesema ni mvua."

"Kweli," akasema Bi Siwema.

"Na wewe je?" akauliza Bi Asumini. "Sema na lako."

Bi Siwema akafuta uso. "Jina lililokuwa kwenye kipande ni langu. Aliyerudishwa uwanjani ni mimi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nimemzaa mmoja, naye amezaa wa kwanza, na wa kwanza hazaliwi mara mbili. Basi la siku mbili siliwezi, hata barabara ikifunguliwa. Nyie mlikuwa wasindikizaji. Msafiri nilikuwa mimi."

"Kweli," wakasema wote wawili, na hakuna aliyenuna.

Simu ikaita. Zuhura. Mama yake akafungua kipaza sauti, wote wakasikia mtoto akilia kwa nyuma, kilio cha mtoto aliyeshiba na anayetaka kubembelezwa tu. Walimsikiliza wakitabasamu wote watatu kama wajinga.

"Mama, nimeambiwa fidia imetoka! Kesho nitakuja uwanjani kupokea. Ila niambie, nimtazamie nani mlangoni?"

Devotha alitazama saa: kumi kasoro dakika mbili. Bi Siwema akainama, akaandika jina moja, taratibu, herufi kwa herufi, akaisukuma fomu mezani. Devotha akaisoma, akamtazama, akagonga muhuri.

Walitoka wote watatu wameshikana mikono, Mzee Chande katikati ili asijikwae, wakicheka habari za pilipili. Walikuwa wepesi, maana neno lilikuwa limesemwa na dhiki imekwisha. Lakini usiku ule sanduku lililofungwa lilikuwa moja.

Jina nimeliona mimi, na silitaji. Nyie mliokaa hapa mnayo yote kibindoni: mkono uliokanda, macho yaliyoona, tumbo lililozaa. Je, nani alistahili kushuka Kigoma? Na kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, saa kumi kasoro dakika mbili, ungeandika jina la nani?