Halua ya Mwisho ya Bi Somoe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakiozana na kuzikana kama sisi, Kindi mmoja aitwaye Mize alifiwa na mama yake. Mama huyo, Bi Somoe, alikuwa mpishi wa halua. Siku aliyougua alikuwa ametoka kusonga moja, akaimimina kwenye kikapu cha ukindu, akajilaza, asiamke tena.

Matanga yalipoanuliwa, Mize alibaki peke yake ndani ya tundu la mvule na kikapu kile. Kila akikifunua, harufu ya iliki ilimtoa machozi, akakifunika. Alijiambia atakula kipande kimoja siku moyo utakapotulia. Moyo haukutulia, na halua ikazidi kukauka na kunata.

Basi siku moja, gu, gu, gu! Mlangoni walisimama Fisi na shemeji yake Nyati.

"Pole na msiba, mwanangu," alisema Fisi. "Sasa fungasha. Mti mkubwa namna hii si wa yatima. Tutakaa sisi."

"Hapa ndipo alipofia mama yangu, Mjomba."

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuja kwa upole," alisema Nyati, akauegemea mti mpaka ukalia kwaa.

Mize angepambana na Nyati kwa lipi? Alimwita jirani yake, Bi Kanga, aliyekuwa akichakura nje, aje awe shahidi.

"Mjomba Fisi, bingwa wa vitendawili nchi hii ni wewe," alisema Mize. "Nitakutegea kimoja tu. Ukikitegua, naondoka leo hii. Ukishindwa, utanipa mji kama ilivyo desturi, na mji wenyewe uwe huu unaoudai."

Fisi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Bingwa gani akatae? "Tega."

"Ngoja kwanza. Mgeni hategewi akiwa na njaa."

Akawamiminia kahawa chungu, kisha akaleta kikapu. Alikishikilia kidogo kabla ya kukiweka chini, maana alijua anachokitoa.

"Ahaa, halua," Fisi alijigamba. "Neno la Waarabu hilo. Kwao maana yake ni utamu. Mimi najua mambo."

Mize alinyoosha mkono akate kipande chake, lakini Fisi alikuwa ameshanyakua. Nyam! Nusu kwake, nusu kwa shemeji, hata chembe haikubaki.

"Kitendawili," alisema Mize taratibu. "Jina langu lilitoka Uarabuni, maana yangu ni utamu, harusini nimo na matangani nimo. Mimi ni nani?"

Macho ya Fisi yaling'aa. Jibu alikuwa nalo. Akataka kufungua kinywa, kinywa kikagoma. Halua ile kavu ilikuwa imeyagandisha meno ya juu na ya chini. "Mm! Mmm!" Akavuta taya kwa makucha. Nyati naye akawa anabamiza kidevu chini, pu, pu, pu.

"Mjomba, nipe mji," alisema Mize.

Fisi alikionyesha kikapu kwa kidole, akakionyesha tena.

"Kitendawili hujibiwa kwa ulimi," alisema Bi Kanga. "Ndivyo tulivyolelewa sote. Umeshindwa, Bwana Fisi. Mpe mwenzio mji wake, au niwaite majirani waje kuona."

Na sauti ya Kanga mnaijua. Akianza yeye, msitu mzima husikia. Fisi aliiogopa aibu kuliko kitu chochote, akainamisha kichwa, akaondoka. Nyati alimfuata huku akiguna.

"Umewaweza, mwanangu," alisema Bi Kanga, akicheka.

Mize hakucheka. Aliingiza kidole ndani ya kikapu, akakipitisha pembe zote, akakilamba. Palikuwa na ladha ya ukindu tu.

"Bi Kanga, wewe ulikuwa ukiila halua ya mama."

"Kila Idi."

"Ilikuwaje? Nimeanza kuisahau, na mpishi mwenyewe hayupo tena."

Bi Kanga aliacha kucheka. Akaketi karibu yake, akamweleza: iliki ilivyotangulia, samli ikafuata, na lozi zilivyokuwa zikijificha katikati. Mize alisikiliza akilia, ndani ya nyumba aliyoipata kwa halua ya mama yake.

Mlafi hufungwa na kinywa chake mwenyewe, wanangu, na mnyonge hata akishinda hushinda kwa machozi.