Taa ya Kooni Iliyofungiwa Kabatini

Isome yote kabla hujamtumia mwingine. Ikikuudhi, basi umeielewa.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu alilazwa mama muuza viazi, jina lake Atupele. Aligongwa na pikipiki asubuhi akivuka barabara. Taya lilivunjika, uso ukavimba, meno yakafungana, hata kijiko hakipiti. Ilibidi apasuliwe asubuhi ile ile, maana uvimbe ulikuwa unashuka shingoni na pumzi ilianza kuwa nzito.

Daktari wa usingizi alikuwa Dkt. Nasra. Ili mgonjwa apumue akiwa usingizini, lazima mpira upitishwe hadi kwenye njia ya hewa. Kinywa hakifunguki, kwa hiyo imebaki pua. Lakini kupitisha mpira puani bila kuona uendako ni kubahatisha, na kwa mgonjwa wa namna hii kosa moja linatosha kumuua.

Hospitali ilikuwa na kifaa cha kazi hiyo: waya mwembamba wenye taa nchani, unaowekwa ndani ya mpira. Chumba kikitiwa giza, mwanga wake huonekana kupitia ngozi ya shingo, daktari akajua mpira unaelekea wapi. Kililetwa kama msaada. Na kilikuwa kimelazwa juu ya kitambaa chekundu, ndani ya kabati la vioo, ofisini kwa mkuu wa hospitali, Dkt. Gwamaka. Kabati lilikuwa na kufuli.

Nasra akaenda mbio.

"Mkuu, naomba ile taa. Nina mgonjwa, taya limefunga."

"Leo? Waliotuletea wanafika leo hii, Nasra! Wakikuta kabati tupu niwaambie nini?"

"Waambie kinatumika."

"Kije kimejaa damu na makamasi? Mpe rufaa."

"Hafiki, mkuu. Atakata roho njiani."

"Basi tumia uzoefu wako." Akatia ufunguo mfukoni, akaendelea kunyoosha tai.

Jamani! Mtu anahangaikia tai, na mama wa watu anaikokota pumzi!

Nasra hakubishana tena. Alivua kiatu, akapiga kioo kwa kisigino, akachukua kifaa na kutoka mguu mmoja peku.

Katika chumba cha upasuaji alisema, "Zimeni taa." Muuguzi, Sista Tusekile, akazima.

Mpira ukaingia puani polepole. Mwanzo mwanga ulijitokeza upande mmoja wa shingo. Nasra akaurudisha nyuma kidogo, akaugeuza. Mara ukang'aa mwekundu katikati kabisa, chini ya kikoromeo.

"Umeingia," akasema. Kifua cha Atupele kikapanda, kikashuka. Sista Tusekile akawasha taa huku anajifuta machozi.

Mchana wageni wakafika. Aliyewaongoza ni Mama Eliwaza, muuguzi mstaafu, ambaye ndiye aliyewahamasisha wenzake wakinunue kifaa kile.

"Mniwie radhi," Gwamaka akawaambia, akionyesha vipande vya kioo. "Kuna daktari amevunja kabati na kukichafua kifaa chenu. Atachukuliwa hatua kali." Akaamuru Nasra aitwe aje nacho, wajionee uharibifu. Sista Tusekile naye akamfuata.

Mama Eliwaza alikipokea, akaitazama damu iliyokaukia kwenye mpini.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Wodini, mama," Nasra akajibu. "Anapumua vizuri."

"Mungu ashukuriwe. Na kabla ya leo, kilimsaidia nani?"

"Tulikitunza, mama," Gwamaka akasema. "Kilikuwa kipya kabisa."

"Kipya? Toka mwaka jana hakuja mgonjwa hata mmoja aliyekihitaji?"

"Hakuna."

"Yupo," akasema Sista Tusekile. "Aliitwa Lugano, fundi seremala. Taya lake lilifunga kwa usaha wa jino. Nilikuja mimi mwenyewe kukuomba ufunguo, mkuu. Ukasema kuna wageni wiki ijayo. Tukampakia kwenye gari la wagonjwa, akafia mikononi mwangu kabla hatujatoka mjini. Na hao wageni hawakuja."

"Sisi hatukukuletea pambo," Mama Eliwaza akamwambia Gwamaka. Pilau iliyoandaliwa hawakuigusa. Waliomba wapelekwe nyumbani kwa mjane wa Lugano.

Atupele alipona, amerudi kwenye viazi vyake. Gwamaka je? Alihamishwa, na huko aliko ni mkuu vilevile. Mjane yule hajasikia kwake hata neno la pole.

Funzo: Kitu kilicholetwa kuokoa watu kikichakaa, kimefanya kazi yake. Kikibaki kipya huku watu wanakufa, aliyekifungia asijisifu kuwa ni mtunzaji. Damu yao iko mikononi mwake.