Tone Jekundu la Bi Tusajigwe

Ukihamisha mtungi, mwonyeshe mwenye kiu.

Asubuhi mmemsikia Atupele akimwambia hivyo fundi umeme, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanzia kisimani.

Sekela alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya misheni huku milimani. Kompyuta zote zilitumia mfumo wa Linux, na eneokazi la mfumo huo, yaani ule uso unaokutana nao ukiwasha mashine, lilikuwa toleo kuukuu lililokaribia kuachwa bila matengenezo. Ilibidi achague jingine. Lilikuwepo toleo moja lililofanana na la zamani, na lilikuwepo jipya, safi, la herufi kubwa, vitu vyake vimefichwa mpaka uviite kwa kuandika jina. Akalijaribu hilo jipya peke yake, kwenye mashine yake, likampendeza. Jumamosi akaliweka kila chumba, wenye vyumba wakiwa makwao.

Jumatatu asubuhi wodi ya wazazi ikapiga simu benki ya damu. Mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Chupa yake ya damu ilikwisha kupimwa na kutengwa. Ni ipi kati ya zote zilizomo kwenye friji, kompyuta ndiyo iliyojua.

Bi Tusajigwe, mtunza damu, akapeleka kipanya kona ya chini kushoto, alipozoea kubofya tone jekundu, alama iliyofungua daftari la damu. Hapakuwa na kitu. Akabofya tena palepale, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Sekela akaitwa, akaja mbio. Simu ilikuwa inalia tena.

“Mama, sogea nikufungulie.”

“Tone langu liko wapi?”

“Lipo, mama. Limejificha tu.”

“Nani kalificha?”

Sekela akavuta kibodi. Akaandika neno vibaya, akafuta, akaandika upya. Tone likatokea. Bi Tusajigwe akalibofya, akasoma namba, akatoa chupa, mhudumu akatoka nayo mbio.

Wakabaki wawili na simu iliyonyamaza. Sekela alimwaza mtoto wa yule mama, hata jina hajapewa.

“Umeleta kizuri,” Bi Tusajigwe alisema. “Nasoma bila miwani. Lakini kwenu, mwanangu, ukihamisha mtungi, mwenye kiu humwonyeshi?”

“Nilidhani mtauona.”

“Mwenye kiu hutazama pale alipokunywa jana.”

Simu ikalia. Sekela hakuthubutu kuigusa. Bi Tusajigwe akapokea, akasikiliza, kisha akakaa chini taratibu.

“Damu imeacha kuvuja. Mama yuko macho.”

Sekela akajifuta uso kwa kiganja. Hakuondoka. Alivuta stuli, akamsogezea kipanya. “Shika wewe, mama. Mimi natazama.” Alipomaliza hapo akaenda chumba cha pili, na cha tatu. Na toleo lililofuata lilipotoka, lilianzia benki ya damu, likasonywa na Bi Tusajigwe hadi alipolizoea, ndipo likaenda kwingine.

Kwa hiyo Atupele hakumtukana fundi umeme aliyemhamishia swichi nyuma ya kabati akaondoka kimya. Alimwambia tu: ukihamisha mtungi, mwonyeshe mwenye kiu.