Bi Nyamizi na Intaneti Isiyo na Ukomo

Paliondokea Tabora mjane mmoja, Bi Nyamizi, aliyejipatia riziki kwa kufundisha ushonaji mtandaoni. Alilipia intaneti ya nyumbani "isiyo na ukomo". Tarehe kumi na nane ikakatwa.

"Isiyo na ukomo nayo ina ukomo wake, mama," alisema meneja wa kampuni, aliyefika kwake na mafundi kukagua mitambo ya kampuni juu ya paa lake, walilolipanga kwa kodi ya kila mwezi.

"Huwekwa na nani, mwanangu?"

"Mwenye mali. Hata katikati ya mwezi."

"Na aliyekwisha kulipa?"

"Asubiri mwezi mpya, bila kelele."

"Niandikie hayo utie sahihi, nisije nikakusumbua tena."

Meneja akaandika huku akicheka. Bi Nyamizi akaikunja karatasi.

"Sasa waambie mafundi waing'oe antena yenu inayolisha mtaa mzima. Paa ni langu, na kiasi chenu cha mwezi kimekwisha leo."

Meneja akapiga simu ofisini papo hapo. Jioni ile wanafunzi wa Bi Nyamizi walijifunza kushona kola.