Zimwi Lililodai Bahari

Tegeni masikio, jamani. Pwani ya Bara Hindi paliishi zimwi, na kila watu walipolichoka, lilibadili ngozi. Lilikuja na tembo: "Bahari yangu!" Likaja na farasi: "Bahari yangu!" Mwisho likaja na merikebu: "Bahari yangu! Atakayechemsha maji yake apate chumvi nitammeza."

Mtu mmoja wa pwani hiyo, Govinda, akachemsha, akamezwa. Mkewe, Malati, akawasha moto palepale.

"Hukuona yaliyompata mumeo?" zimwi likanguruma.

"Nimeyaona, bwana. Lakini kama bahari ni yako, inywe."

Zimwi likainama, likanywa, likafura, likanywa tena, likapasuka. Tumboni wakatoka waliomezwa enzi za tembo, za farasi na za merikebu. Govinda alitoka wa mwisho, akimwita mkewe.

Nami nimefika; aliyesinzia asiniulize.