Michezo ya Mize

Nina hadithi!
*Ilete, tumekaa!*
Nikiiangusha?
*Tutaiokota!*

Haya basi. Hapo kale, katika kijiji cha pwani, waliishi Mize na mumewe Khatibu, mkwezi wa minazi. Khatibu yuko juu anaangua, Mize yuko chini anakusanya makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Anayafukia kwenye matope ya ufukoni. Yakilainika anayaponda, kisha anasokota kamba. Anaponda, anasokota. Anaponda, anasokota. Viganja vyake vikaota sugu.

Homa ikamchukua Khatibu. Mize akabaki na binti yake mdogo.

Eda ilipokwisha, akaja Faki, kaka wa marehemu. Akasimama uani mbele ya majirani.

"Shemeji, nyumba hii na vilivyomo ni kazi ya ndugu yangu. Navichukua. Wewe rudi kwenu."

"Kwetu hakuna mtu, shemeji. Wazee wangu wote wamekufa. Na mimi je, sikufanya kazi?"

"Kazi gani? Ulikuwa ukicheza na makumbi tu! Chukua michezo yako uende."

Majirani kimya. Kimya kile kilimuuma Mize kuliko maneno ya Faki. Watu walewale wanaolalia vitanda vya kamba zake! Mimi hapo huwa nakasirika kila nikisimulia.

Mize akafuta machozi.

"Michezo yangu niichukue?"

"Ichukue!"

"Yote?"

"Yote, na hawa ni mashahidi!"

Mize akaenda kisimani, akafungua kamba ya ndoo. Ndoo chubwi, ikazama! Faki akacheka. Akaenda bandani, akafungua kamba ya mbuzi. Mbuzi huyoo, akatimua mbio! Faki akanuna. Akaingia ndani, akafumua kamba za kitanda. Ikabaki miti mitupu. Faki akatukana.

Kisha Mize akaweka ngazi, akapanda paani. Enyi mliokaa, makuti hufungwa kwa nini?
*Kwa kamba!*
Na fito?
*Kwa kamba!*
Kamba za nani?
*Za Mize!*

Akafungua fundo, kuti likaanguka. Akafungua jingine, boriti ikalia kwaa!

"Shemeji, ngoja! Nyumba itaanguka!"

"Nakusanya michezo yangu."

"Nakuomba, usifungue!"

"Basi iite kwa jina lake. Nilichokifanya miaka yote hii ni nini?"

Faki akawatazama majirani. Safari hii hawakunyamaza. "Sema!" wakamwambia.

"Ni kazi," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Ni kazi, shemeji! Nyumba hii mmeijenga wawili!"

"Basi anayetoka ni nani?"

Faki akaokota kofia yake, akatoka.

Mize akashuka. Hakupiga vigelegele. Alikaa kando ya kitanda kile kitupu, akamlilia mumewe, maana eda nzima alikuwa akililia paa, kwa hofu ya kukosa pa kukaa. Halafu akanawa uso, akamwita binti yake.

"Njoo mwanangu, shika ncha hii. Tuwambe kitanda."

Hadithi yangu nimeifunga fundo. Anayeona ni mchezo, aje aifungue.